Viungo vya Mchuzi

Katika kitongoji kimoja cha pwani, si mbali na Tanga, palikuwa na nyumba mbili zilizotazamana. Katika nyumba ya kwanza alikaa bibi mzee, mjane; na katika nyumba ya pili alikaa mwanamke kijana aliyeolewa karibuni. Siku moja mwanamke huyu alipata habari ya kuwa baba mkwe wake yu njiani kuja kuwatazama. Mzee yule alikuwa ametoka katika homa kali, na hamu yake ya kula ilikuwa ndogo sana.

Basi mwanamke akachukua fedha ya chakula cha siku tatu, akaenda sokoni. Akanunua maharagwe, nazi, nyanya, ukwaju, vitunguu, pilipili, iliki, mdalasini, na konzi nzima ya karafuu. Akasema moyoni mwake, "Mgeni huyu hatakisahau chakula cha leo."

Aliporudi nyumbani akavitia vyote katika chungu kimoja, akamimina maji na tui, akatia chumvi nyingi, akafunika, akachochea moto mkali. Saa zikapita. Kuni zikaisha, akakopa nyingine. Maharagwe yakabaki magumu kama kokoto. Tui likakatika, mafuta yakaelea juu, na chembe nyeupe zikazama chini. Mchuzi ukawa mchungu kwa karafuu, tena ukazidi chumvi. Mzee akala tonge mbili kwa adabu, akashukuru, akanawa mikono. Mwanamke akaona haya hata machozi yakamlengalenga.

Siku ile ile bibi mzee naye alipika maharagwe ya soko lile lile. Hakuwa na kitu ila nusu ya nazi, kitunguu kimoja, manjano kidogo na chumvi. Harufu ya chungu chake ilivuka njia. Jioni akampelekea mgeni bakuli moja, na mzee yule akala mpaka akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho.

Kulipokucha mwanamke kijana akaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekukunjamana?"

"Bibi, mimi nilinunua viungo vingi, na wewe ulikuwa na vichache. Chakula chako kimeliwa, changu nimewamwagia kuku. Kosa langu lilikuwa nini?"

Bibi akacheka kidogo, akamkaribisha kitako. "Makosa yako yalikuwa manne, mjukuu wangu, wala hapana hata moja la umaskini au la uchoyo. Ulivitia vyote kwa wakati mmoja, tena bila kupima. Kila kiungo kina saa yake na kadiri yake."

Makosa hayo manne ndiyo yatakayoelezwa katika somo hili. Ayajuaye aweza kupika chakula kizuri kwa vitu vichache. Asiyeyajua ataharibu hata vitu vya thamani.

MAANA YA KIUNGO

Neno kiungo latokana na kuunga. Seremala huunga ubao na ubao. Mganga huunga mfupa uliovunjika. Na mpishi huunga mboga kwa nazi au kwa karanga. Hata mahali mifupa miwili ya mwili inapokutana huitwa kiungo. Kwa hiyo kiungo cha chakula si chakula chenyewe. Ni kitu kidogo kinachotiwa ili vitu vilivyo mbalimbali katika chungu vipatane na kuwa kitu kimoja. Chakula kisichoungwa huitwa chapwa, yaani hakina ladha. Kilichotiwa kwa kadiri yake husemwa kuwa kimekolea.

Watu wengi hudhani kwamba ladha yote hutambuliwa na ulimi. Sivyo. Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito iliyomo katika supu ya nyama au ya samaki. Mambo mengine yote hutambuliwa na pua. Chakula kinapotafunwa, harufu yake hupanda kwa nyuma ya kinywa mpaka puani, na mlaji hudhani kwamba ameionja kwa ulimi. Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili mwenyewe. Na azibe pua, atafune kipande kidogo cha mdalasini. Atasikia kama anatafuna kijiti tu. Kisha na aachie pua. Mara moja mdalasini utajulikana kuwa ni mdalasini. Kwa sababu hii mtu mwenye mafua husema kwamba chakula hakina ladha, na mgonjwa aliyepoteza hamu huvutwa kwanza kwa harufu.

KOSA LA KWANZA: UCHACHU KABLA YA WAKATI

Mwanamke kijana alitia ukwaju na nyanya pamoja na maharagwe mabichi. Hilo ndilo lililoyafanya maharagwe kukataa kuiva.

Ndani ya ganda na nyama ya haragwe mna kitu kinachozishika sehemu zake pamoja, kama udongo unavyoyashika mawe ya ukuta. Katika maji ya moto kitu hicho huyeyuka polepole, ndipo haragwe likalainika. Lakini maji yakiwa machachu, hakiyeyuki upesi. Mpishi aweza kuchochea moto hata jioni, na kuni zikaisha bure. Kwa hiyo kanuni ni hii: maharagwe huroweshwa usiku kucha, maji yale humwagwa, kisha huchemshwa katika maji safi mpaka yawe laini. Baadaye ndipo nyanya, ukwaju au ndimu hutiwa.

Wako watu wanaotia magadi ili maharagwe yaive upesi. Ni kweli, magadi hulainisha, kwa kuwa kazi yake ni kinyume cha uchachu. Lakini yakizidi huleta ladha ya sabuni, tena huharibu baadhi ya vitamini zilizomo katika chakula. Kurowesha usiku ni bora, wala hakuna gharama.

Uchachu wenyewe si adui. Ukitiwa kwa wakati wake huamsha chakula kizito, hasa samaki na vyakula vyenye mafuta mengi. Ukwaju huondolewa maganda, ukaroweshwa katika maji ya uvuguvugu, ukavurugwa kwa vidole, na maji yake yakachujwa ili kokwa na nyuzi zibaki. Maji hayo hutiwa katika mchuzi wa samaki, au huchanganywa na tui zito na pilipili, yakapakwa juu ya samaki aliyekwisha kuchomwa. Huyo ndiye samaki wa kupaka, anayesifiwa pwani nzima.

Jina la ukwaju katika lugha nyingi za Ulaya limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni tende ya Uhindi. Lakini mkwaju wenyewe ni mti wa Afrika, na huota porini katika nchi kavu za bara hili. Wafanya biashara wa zamani waliufahamu kwa njia ya Uhindi, wakadhani kwamba ndiko kwao. Tena ni vema kukumbuka kwamba vitu vichachu havipikwi wala kuwekwa katika chombo cha shaba tupu, kwa sababu uchachu huila shaba, na shaba ikiingia katika chakula huwa sumu. Chungu cha udongo hakina hatari hiyo.

KOSA LA PILI: TUI JUU YA MOTO MKALI

Nazi huvunjwa, ikakunwa kwa mbuzi, na machicha yake yakatiwa maji kidogo ya uvuguvugu, yakakamuliwa katika kifumbu. Maji meupe ya kwanza ni mazito. Hilo ndilo tui la kasimile. Machicha hutiwa maji tena, yakakamuliwa mara ya pili, na pengine ya tatu. Tui hilo ni jepesi.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika katika maji. Kila tone limevikwa ngozi nyembamba inayolizuia lisishikane na jingine. Moto ukizidi, ngozi hizo huiva na kupasuka. Matone hukutana, mafuta hupanda juu, na tui husemwa kuwa limekatika. Uchachu nao huweza kulikata. Mwanamke kijana alilitia katika moto mkali pamoja na ukwaju, kwa hiyo alilikata kwa njia mbili.

Mpishi ajuaye kazi yake hutumia tui jepesi kwanza, ili chakula kiive ndani yake. Tui zito huliweka kando. Chakula kinapokuwa kimeiva, hupunguza moto mpaka yabaki makaa, akalimimina polepole, huku akikoroga kwa upawa bila kuacha mpaka lianze kutokota kidogo. Hapo huepua chungu. Watoto wengi wa pwani wamepewa kazi hii ya kukoroga, wakakemewa walipoacha upawa ili kwenda kucheza. Sasa wajue kwamba hawakukemewa bure.

Kabla ya kuikuna nazi, yafaa kuinusa na kuonja kipande. Wahenga walisema, "Nazi mbovu harabu ya nzima." Mithali hii husemwa juu ya watu, lakini ni kweli jikoni vilevile, nazi moja iliyooza ikichanganywa na nzuri, tui lote hutupwa.

KOSA LA TATU: VIUNGO VYA HARUFU VISIVYOPIMWA

Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, bizari na tangawizi huitwa viungo vya harufu. Nguvu zake zimo katika mafuta yaliyofichwa ndani ya kila kimoja, na mafuta hayo hupenda kukaa katika mafuta mwenzake kuliko katika maji. Ndiyo sababu mpishi hukaanga kwanza vitunguu katika mafuta mpaka vigeuke rangi, kisha hutia tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa, na bizari mwisho, kwa muda mfupi tu, ili mafuta yavute harufu. Bizari iliyosagwa huungua upesi, na ikiungua huwa chungu, wala hakuna dawa ya kuiponya. Aliyetia viungo hivi vibichi katika maji yanayochemka hupata sehemu ndogo ya harufu, na iliyobaki hutoka pamoja na mvuke.

Tena viungo vilivyosagwa hupoteza harufu upesi kuliko vizima. Ni afadhali kununua vichache vizima, kuviweka katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua, na kutwanga kadiri ya kutosha siku ile.

Kadiri ni jambo kubwa zaidi katika karafuu. Mafuta ya karafuu yana nguvu hata huufisha ganzi ulimi. Waganga wa meno wameyatumia tangu zamani kutuliza maumivu. Katika chungu cha pilau karafuu chache zahesabika kwa vidole na zatosha. Konzi nzima ni dawa, si chakula.

Konzi ile, iliyotupwa pamoja na mchuzi, ina habari ndefu nyuma yake. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Mchumaji hupanda mkarafuu na kuchuma vishada matumba yanapoanza kuwa mekundu. Ua likichanua, thamani yake imekwisha. Kisha matumba hutengwa na vikonyo, yakaanikwa juu ya majamvi siku kadhaa mpaka yakauke na kuwa ya hudhurungi. Mvua ikinyesha ghafula, nyumba nzima hukimbilia kuyaanua.

Kwao mkarafuu ni Visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi walioshika biashara ile waliikata mikarafuu ya visiwa vingi, wakaiacha mahali pachache tu ili bei isishuke. Mwaka 1770 Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, alifaulu kupata miche na kuileta katika kisiwa cha Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliwaamuru wenye mashamba kuipanda, na katika muda wa miaka michache Unguja na Pemba zikajulikana duniani kote kwa karafuu.

Lakini utajiri ule haukupatikana kwa haki. Maelfu ya watu walikamatwa bara, wakatembezwa katika minyororo mpaka pwani, wakavushwa bahari ili kulima na kuchuma katika mashamba yale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikataliwa na sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897. Katikati ya habari hizo, mwaka 1872, tufani kubwa iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliokoka zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Ni vema mtu aijue habari hii, ili asiidharau karafuu moja kwa kuwa ni ndogo.

KOSA LA NNE: CHUMVI YOTE MWANZONI

Mwanamke kijana alionja mchuzi wake mwanzoni, akaona chumvi inatosha. Basi ilizidije? Maji yalipochemka yaligeuka mvuke, yakaenda zake. Chumvi haigeuki mvuke, ikabaki chunguni. Maji yalivyopungua, ndivyo chumvi ilivyozidi katika yale yaliyobaki. Wavuvi wa chumvi wa pwani hutumia kanuni hiyo hiyo: huyaingiza maji ya bahari katika mabwawa mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki. Kwa hiyo chumvi hutiwa kidogo kidogo, na kipimo cha mwisho hutiwa chungu kinapokaribia kuepuliwa.

Chumvi ni kiungo cha kwanza cha watu wote, wa pwani na wa bara. Huko Uvinza, upande wa magharibi wa Tanzania, mna chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na zamani wafanya biashara walitoka nchi za mbali kuja kuinunua. Mahali palipokosekana chumvi ya namna hiyo, watu walichoma majani fulani ya mtoni, wakachuja maji katika majivu yake, wakayatumia kuungia mboga.

Mwili hauwezi kuishi bila chumvi, walakini unaihitaji kidogo tu. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, samaki mkavu na vyakula vya dukani. Chumvi ikizidi miaka mingi, shinikizo la damu hupanda, na moyo na figo huumia. Mtoto aliyezoezwa chumvi nyingi hukua akiitaka, na kuiacha ukubwani ni kazi ngumu.

Tena chumvi ya dukani siku hizi hutiwa madini joto. Madini hayo hulinda watu na uvimbe wa tezi la shingo, na humsaidia mtoto akue vizuri mwilini na akilini tangu tumboni mwa mama yake. Lakini hupotea yakikaa juani, au yakichemshwa muda mrefu. Hii ni sababu ya pili ya kufunika chombo cha chumvi na kuitia mwishoni.

PILIPILI

Bibi mzee hakutia pilipili katika chungu chake. Aliiponda kando pamoja na chumvi na ndimu, akaiweka katika kibakuli, kila mtu achukue kadiri awezavyo. Hiyo ni hekima, maana pilipili haina ladha tu, bali huwasha, na wala si watu wote wanaoiweza. Mtoto, mgonjwa na mwenye vidonda vya tumbo hawafanani na kijana mwenye nguvu.

Uwashaji wa pilipili hukaa zaidi katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Atakaye harufu yake bila moto wake, na aupasue utando ule na kuuondoa. Kitu kile kinachowasha hakiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Kwa hiyo mtu aliyewashwa akinywa maji huueneza moto kinywani, lakini akinywa maziwa hupata nafuu. Ndege hawasikii uwashaji huo hata kidogo. Hula pilipili na kutawanya mbegu zake.

Pilipili hizi zilitoka Amerika. Kabla ya mwaka 1492, Wazungu walipoanza kusafiri huko, hapakuwa na mtu katika Afrika aliyepata kuzionja. Pilipili manga ni kitu kingine. Hiyo ni tunda la mmea utambaao wa Uhindi. Maharagwe, nyanya na karanga nazo zilikuja kutoka Amerika. Mdalasini ulitoka Sri Lanka, na iliki Uhindi. Hivyo ndani ya chungu kile cha mwanamke kijana zilikutana nchi za mbali sana, na mkwaju peke yake ndio uliokuwa mwenyeji.

VIUNGO VYA BARA

Mahali minazi isipoota, watu wana viungo vyao. Karanga hukaangwa kidogo, zikatwangwa, zikakorogwa kwa maji na kutiwa katika mchicha, majani ya maboga au kisamvu kilichoiva. Ufuta na mbegu za maboga hufanya kazi ile ile. Hii si anasa. Mboga za majani zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Lakini mwili hauwezi kukipokea vema bila mafuta. Basi mama aungaye mchicha kwa karanga hawapi watoto wake utamu tu. Huwapa na macho mazuri.

Lakini karanga zichaguliwe kwa uangalifu. Zilizosinyaa, zilizogeuka rangi au zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Huharibu ini. Kuzitwanga pamoja na nzuri ili zisionekane ni kujidanganya. Karanga hukaushwa vizuri, zikawekwa mahali pakavu, na mbovu hutupwa, hata kama ni nyingi.

CHUNGU CHA PILI

Mwanamke kijana alisikiliza maneno ya bibi mzee mpaka mwisho. Fedha yake ilikuwa imekwisha, lakini yalibaki maharagwe kibaba kimoja, nazi moja, vitunguu viwili, na karafuu chache zilizoanguka chini ya kikapu. Usiku ule akayarowesha maharagwe. Kesho yake akayachemsha katika maji matupu mpaka yakabonyea kwa vidole. Akakaanga vitunguu polepole, akatia karafuu moja, akamimina tui jepesi, akaacha vitokote pamoja. Akapunguza moto, akatia tui zito, akakoroga. Chumvi akaitia mwisho, akionja kila mara.

Baba mkwe wake alikuwa ameketi barazani akingojea kurudi kwao. Harufu ilipomfikia aligeuza uso kuelekea jikoni. Siku ile alikula akaongeza, ndipo akasema, "Mwanangu, sasa najua ya kuwa nimepona."

Maharagwe yalikuwa yale yale, na chungu kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka kilikuwa maarifa, na maarifa hayauzwi kwa konzi sokoni.

MASWALI

1. Neno kiungo limetokana na neno gani? Toa mifano mitatu ya matumizi yake.
2. Kwa nini mtu mwenye mafua husema chakula hakina ladha?
3. Eleza sababu ya maharagwe ya mwanamke kijana kubaki magumu.
4. Tui hukatika kwa njia zipi mbili? Mpishi afanye nini ili lisikatike?
5. Toa sababu mbili za kutia chumvi mwishoni mwa kupika.
6. Eleza kwa maneno yako safari ya karafuu kutoka Maluku mpaka Unguja, na mateso ya watu yaliyofuatana nayo.
7. Ulizeni nyumbani kwenu ni viungo gani vilivyotumiwa na babu na bibi zenu. Andikeni jina la kila kiungo, mahali kinapopatikana, na wakati kinapotiwa chunguni.